Kabla hujasema "ni kweli" kizimbani

Jumatatu asubuhi mahakama za Mombasa hujaa, za mjini na za Shanzu, kwa kuwa waliokamatwa tangu Ijumaa jioni huletwa siku hiyo. Karani husoma shtaka harakaharaka, mshtakiwa huulizwa kama ni kweli ama si kweli, na jibu lake huandikwa papo hapo. Katika kesi nzima hakuna dakika nzito kama hiyo. Ukikiri na ukatiwa hatiani, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai hakiruhusu ukate rufaa kupinga hatia yenyewe. Unachobaki nacho ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo maana kujitetea huanza kabla ya kupanda kizimbani.

Kituoni

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa, na kwamba una haki ya kunyamaza. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Jina, umri na mahali unapokaa, sema bila ubishi. Kisa chenyewe kiache: "Nitaongea wakili wangu akiwepo" inatosha, na urudie kwa adabu kila ukiulizwa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mara nyingi mpelelezi huuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na neno moja likibadilika humo, maana yote hubadilika. Mwambie akusomee alichoandika, sentensi kwa sentensi.

Jamaa wanaokwenda kituoni, kiwe cha Makupa, Nyali au Likoni, waulize mambo matatu na wayaandike: namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), saa ya kukamatwa, na jina la mpelelezi. Saa ni muhimu kwa sababu polisi wana saa 24 za kukufikisha mahakamani; zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, basi siku ya kazi inayofuata. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika mahakamani, haina ada. Ukilipa pesa taslimu za dhamana, dai risiti rasmi. Pesa zilizotolewa bila risiti hazikuwa dhamana, na hutazirudishiwa.

Kuisoma hati ya mashtaka

Omba nakala na uisome mwenyewe au usomewe. Juu kuna majina yako na tarehe ya kukamatwa. Linganisha tarehe hiyo na ile ya OB. Wakati mwingine husogezwa mbele ili zile saa 24 zionekane hazikupita, na ukiliona hilo mwambie hakimu siku hiyohiyo, usingoje kesi ianze kusikizwa.

Kisha kuna sehemu mbili zinazobeba kesi. Ya kwanza ni kosa na kifungu chake. Ya pili ni maelezo ya kosa: tarehe, mahali, kitu, thamani, na mlalamishi. Angalia namba ya kifungu kwa makini, kwa sababu ndiyo inayobeba adhabu. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu adhabu yake ya juu ni miaka 3. Wizi wa mfanyakazi, kifungu cha 281, ni miaka 7. Kibarua wa soko la Kongowea anayelipwa kwa gunia, naye ameandikwa "mfanyakazi", ana jambo la kubishania hapo. Wakati mwingine chini ya shtaka kuu huwa kuna shtaka mbadala, kwa mfano kupatikana na mali ya wizi. Hilo halimaanishi utafungwa kwa yote mawili. Likithibitika moja, jingine linaachwa.

Kujibu

Ikiwa Kiswahili hakikutoshi, sema kabla hujasomewa: "Mheshimiwa, naomba mkalimani wa Kigiriama," au lugha yako yoyote. Ni haki chini ya kifungu cha 50 cha Katiba na hulipi chochote. Usitikise kichwa kwa aibu ya kuonekana hujui.

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu aliyechukua redio ya tajiri wake kwa sababu ya mshahara wa miezi miwili ambao hajalipwa husema, "Ni kweli nilichukua." Anaamini anasema ukweli, na anasema. Lakini wizi kisheria ni kuchukua kwa nia ya kulaghai na bila madai ya haki. Aliyechukua akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki nacho ana utetezi kamili, na jibu lake ni "si kweli". Kukana mashtaka si kusema uongo wala kumkosea hakimu heshima. Ni kuuambia upande wa mashtaka ulete ushahidi.

Hata ukikiri, mambo hayajaisha. Kiongozi wa mashtaka ni lazima asome maelezo ya tukio, nawe uulizwe kama ni sahihi. Sikiliza kila neno. Ukisema "ni kweli, lakini alinipiga kwanza", hilo si kukiri, na hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Kabla hukumu ya adhabu haijatolewa, unaweza pia kuomba kubadilisha jibu.

Baada ya kukana

Omba dhamana palepale. Ni haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kukunyima, na anayetakiwa kuzionyesha ni upande wa mashtaka. Kiwango kikiwa kikubwa mno, omba kipunguzwe, na ukikataliwa peleka ombi Mahakama Kuu. Anayeshindwa hupelekwa rumande Shimo la Tewa. Siku zake za huko zihesabiwe akihukumiwa kifungo. Akumbushe mahakama mwenyewe.

Omba pia nakala za taarifa za mashahidi kabla ya siku ya kusikizwa. Ukipewa asubuhi ileile, omba muda wa kuzisoma. Asiye na uwezo wa wakili aulize kuhusu Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au aende kwa shirika la Kituo cha Sheria, au MUHURI, shirika la haki za binadamu. Kwa shtaka la mauaji, Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili anayelipwa na serikali. Aliye chini ya miaka 18 kesi yake ni ya mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka.

Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, umeachiliwa tu na unaweza kushtakiwa tena, kwa hivyo usitupe karatasi zako. Ukihukumiwa, rufaa ni ndani ya siku 14. Ukiwa ulilipa dhamana taslimu na hukukosa kufika, pesa ni zako, hata ukipatikana na hatia. Nenda na risiti ile ya kwanza.