Jinsi ya kumuomba mwajiri wako Marekani akurudishie hela ya simu bila kukatwa kodi

Hii nawaandikia hasa nyie mnaolea wazee majumbani huku Marekani, madereva, mafundi, na yeyote ambaye bosi anampigia kwenye simu yake mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wazee wawili, kwa mmoja nafika saa moja asubuhi na kabla sijavua koti inabidi nitoe simu yangu niingie kwenye programu ya kampuni nibonyeze kwamba nimefika, nikitoka nabonyeza tena, manake kuna sheria ya 2016 inayotaka huduma za majumbani zinazolipwa na Medicaid, yani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zithibitishwe kielektroniki. Kampuni ikawa inanipa dola 40 za simu kila mwezi, nikashukuru kweli. Siku nimekaa na slipu vizuri ndo naona zile 40 zimepangwa juu pamoja na masaa yangu, yani zimeshakuwa mshahara, zinakatwa Social Security na Medicare, yani makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, na mimi nilikuwa daraja la asilimia 12 kwenye kodi ya serikali kuu. Piga hesabu, dola 480 kwa mwaka, zinaondoka kama 94, na hapo kodi ya jimbo hujaigusa. Hela ambayo nilishaitumia kwa kazi yao!

Na haikuwa lazima iwe hivo. Zamani simu ilikuwa kwenye kundi la vitu ambavyo lazima utunze rekodi, hii nimepiga ya kazi, hii ya nyumbani. Sheria ya Small Business Jobs Act ya 2010 ikaitoa kwenye hilo kundi, alafu Septemba 2011 IRS, yani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wakatoa Notisi 2011-72 wakisema simu ambayo mwajiri anakupa kwa sababu za msingi za kazi haikatwi kodi hata kama unapiga nayo na mambo yako. Wakati huohuo wakawaandikia wakaguzi wao waraka kwamba mwajiri anayemrudishia mfanyakazi gharama za simu yake binafsi atendewe vivyo hivyo. Kwaiyo daftari la simu ulizopiga hutakiwi kuwa nalo, ila masharti yapo.

Anza na sababu. Kaa chini uandike kazi inaihitajije simu yako: wanakutafuta ikitokea dharura, lazima upatikane kwa wateja ukiwa nje ya ofisi, unaongea na wateja walioko sehemu ambako saa ni tofauti na zenu, baada ya muda wa kazi. Hizi tatu ndo IRS wenyewe wamezitaja. Ile ya kuingia kazini kupitia programu ongeza pia, ni ya kazi kabisa. Ila kama bosi anasema anakupa hela ya simu ili ufurahi, au ili usihamie kwa mwingine, au kukuongezea kipato kijanja, hiyo ni mshahara na inakatwa.

Pili chukua bili zako za miezi mitatu hivi, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoharibu. Unachorudishiwa kisizidi gharama halisi ya laini yako. Kama mko wanne kwenye bili moja ya familia ya dola 140, laini yako ni 35, usiombe 60. Na kifurushi cha kupiga Kenya au Tanzania au Kongo kitoe, najua mama anataka kukusikia kila Jumapili lakini hicho si cha kazi, na ule waraka umetoa mfano wa fundi ambaye wateja wake wote wako eneo lake alafu analipiwa simu za kimataifa, wakausema kama kitu cha kutiliwa shaka. Mfano mwingine ni mtu aliyekuwa anarudishiwa dola 100 kila robo mwaka, ghafla robo ya mwisho anapewa 500. Kiwango kiwe kinaeleweka na kiwe kilekile.

Ukishajipanga andika imeili kwa HR, usiongee tu kwenye korido. Waambie unaomba urudishiwe gharama za simu unayotumia kazini chini ya kile wanachokiita "accountable plan", yani utaratibu wa kurudishiwa gharama za kazi kwa kuonyesha uthibitisho, lisemeni jina hilohilo kwa Kiingereza manake mtu wa mishahara akilisikia anajua cha kufanya. Taja sababu, taja kiasi kwa mwezi, ambatanisha bili, na omba isiingizwe kwenye mshahara. Wakikujibu kwamba sawa, tutakupunguzia mshahara dola 40 alafu tukurudishie kama simu, kataa kwa heshima, IRS hawakubali mshahara kubadilishwa jina.

Baada ya hapo kazi yako ni kupeleka bili kwa wakati. Ndani ya siku 60 tangu ulipie uko salama, na kama walikupa zaidi rudisha hiyo ziada ndani ya siku 120, ukikaa nayo inageuka mshahara.

Kuna watakaoniuliza kama mwajiri analazimika. Sheria ya kodi haimlazimishi, inasema tu akirudisha inavyotakiwa haikatwi. Kinacholazimisha ni sheria za baadhi ya majimbo. California wana kifungu 2802 cha sheria ya kazi, na mahakama ya rufaa huko iliamua 2014 kwamba ukilazimika kutumia simu yako kazini unastahili sehemu inayofaa ya bili hata kama una kifurushi kisicho na kikomo. Illinois nao wana sheria yao tangu Januari 2019, ila huko unatakiwa uombe ndani ya siku 30. Na usijidanganye kwamba utaikata mwenyewe kwenye ritani, mfanyakazi wa W-2, yani aliyeajiriwa na kupewa fomu hiyo ya mshahara wa mwaka, alinyimwa hilo tangu 2018 na sheria ya 2025 imelifanya la kudumu. Wa 1099, yani waliojiajiri, ni habari nyingine, wao wanaiweka kwenye Schedule C, fomu ya mapato na gharama za biashara, sehemu ya kazi tu.

Slipu ya kwanza ikija iangalie siku hiyohiyo. Hela ya simu isihesabiwe kwenye jumla ya mapato yanayokatwa kodi, na Januari W-2 ikifika hakikisha haimo kwenye boksi 1, 3 wala 5. Kama ilikuwa inarudishwa kwa utaratibu lakini wakaingiza kimakosa, omba kwa maandishi W-2c, ndo fomu ya masahihisho, na zile za Social Security na Medicare lazima uanze kuzidai kwa mwajiri mwenyewe kabla hujaenda IRS. Mimi niliandika imeili mbili. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili niliambatanisha slipu na bili, mwezi uliofuata ile 40 ikashuka chini kwenye mstari wake peke yake, ikaja nzima.