Binti unataka kuingia ngumi za kulipwa? Anza hivi

Wadogo zangu naona mnauliza sana jinsi ya kupata pambano la kwanza, ila mimi nawaambia pambano ni rahisi kupata, mapromota wanatafuta mabondia wa kike kila siku kwa sababu ni wachache. Kazi ipo kwenye kupata pambano sahihi. Yani mapambano yako manne matano ya mwanzo ndo yatasema utajengwa au utakuwa mtu wa kupelekwa kupigwa.

Cheza ngumi za ridhaa kwanza, zile zisizo za malipo, tena usione aibu kukaa huko muda mrefu. Bondia wa Marekani Claressa Shields alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016, na alipoingia kulipwa Novemba 2016 pambano lake la kwanza na Franchón Crews lilikuwa la raundi nne tu. Sasa wewe una miezi sita ya mazoezi alafu mtu anakuletea raundi nane nchi za watu, huyo anakutakia nini?

Gym chagua kwa kuangalia sparingi, yani mazoezi ya kupigana wenyewe kwa wenyewe, kaa pembeni wiki nzima uone wanaume wakiwekwa na wasichana wanafanyaje, kama kocha anawaacha wanaume wapige kwa nguvu zote ili kumpima binti, hapo hamna mwalimu. Na kocha akianza habari za kukutaka beba glovu zako uondoke siku hiyohiyo, alafu mwambie mtu wa nyumbani, usinyamaze kwa kuogopa kwamba ndo mwisho wa ngumi, gym zipo nyingi.

Mazoezi yaendane na muda wako. Raundi za wanawake kwa kawaida ni dakika mbili, hata pambano la mkanda mara nyingi linakuwa raundi kumi za dakika mbilimbili, kwa hiyo ile ya kumsoma mpinzani raundi nzima hamna. Piga begi dakika mbili pumzika nusu dakika, rudia, na jab, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, itoke kengele ikilia tu.

Uzito ndo unaumiza mabinti wengi. Kabla hujasaini uzito wowote andika kilo zako kila asubuhi kwa miezi miwili mitatu pamoja na tarehe za hedhi, maana siku chache kabla ya hedhi mwili unashika maji na unaweza kuongezeka kilo moja au zaidi bila kula chochote cha ajabu, na kama siku ya kupima uzito imeangukia hapo utajinyima maji upande ulingoni umekauka, na kichwa kikiwa kimekauka ngumi inakuwa hatari zaidi. Vidonge vya kukojosha usiguse, vinakudhuru na vimepigwa marufuku michezoni. Hedhi ikikata miezi kadhaa na huna mimba usifurahie kwamba umekuwa fiti, mara nyingi mwili unakuambia chakula hakitoshi na mifupa inaweza kudhoofika, nenda hospitali.

Vipimo fanya mapema: damu (ukimwi, homa ya ini B na C), macho, kichwa, na kipimo cha mimba karibu na pambano. Leseni unachukua kwa wanaosimamia ngumi za kulipwa nchini kwako, Tanzania ni TPBRC, na ukienda kupigana nje upate kibali chao. Ukiondoka kienyeji ukaumia huko, nani atakusemea?

Meneja na promota ni watu wawili tofauti. Promota anauza onyesho, meneja ndo anatakiwa akupiganie wewe bei. Akiwa mtu mmoja anavaa kofia zote mbili, huna wa kukutetea. Mkataba soma wote, kama ni Kiingereza cha kisheria tafuta mtu akusomee, angalia asilimia anayochukua meneja, miaka mingapi, nani analipa matibabu ukiumia. Usisaini ukiwa airport.

Na ukipoteza usijione umeisha. Fatuma Zarika wa Kenya alikuwa na zaidi ya miaka kumi ulingoni na vipigo kadhaa kwenye rekodi yake, lakini Oktoba 2016 akaenda Michigan akamshinda Alicia Ashley na kuchukua mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia). Ila kama umepigwa KO usirudi sparingi mpaka daktari aseme, hata kama promota anakupigia kila siku.

Promota akikupigia simu na pambano la wiki mbili zijazo muulize hivi: mpinzani jina lake nani nimtafute BoxRec (tovuti ya rekodi za mabondia), uzito gani, raundi ngapi, hela kiasi gani na inalipwa lini, tiketi ya kurudi ipo, kocha wangu anasafiri na mimi? Majibu ayatume kwa maandishi, na nakala abaki nayo mama au dada yako nyumbani.