Uzamivu wa uongozi wa vyuo vikuu Kenya: pa kuanzia

Kabla ya kulipa ada ya maombi, andika dokezo la utafiti la kurasa 3 hadi 5, umpelekee mhadhiri anayeweza kukusimamia. "Changamoto za wanafunzi" ni mada pana mno. "Kuchelewa kwa mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na kuahirisha masomo mwaka wa kwanza" inapimika. Ukiwa mfanyakazi wa ofisi ya wanafunzi, usiwahoji wale unaoshughulikia nidhamu yao: watakujibu unachotaka kusikia. Pendekezo kamili la utafiti likipita, tafuta kibali cha kamati ya maadili, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ambayo hudumu mwaka 1. Kila chuo utakachokwenda kukusanya data kitadai pia barua yake ya ruhusa, na hapo ndipo miezi hupotea. Makala ya jarida iandike ungali unachambua data. Uhakiki wa jarida huchukua muda.