Mbwa anayeharisha kila mara: anza na bakuli lake kabla ya dawa

Mbwa akiharisha siku moja akapona wala usihangaike, labda kala uchafu jalalani. Naongelea ile ya kurudi rudi, wiki hii kinyesi kizuri wiki ijayo uji, mbavu zinahesabika, manyoya hayang'ai, na we dawa ushampa mpaka umechoka. Ikizidi wiki tatu hivi hiyo ni sugu. Mimi hapa Kigoma nimekaa nayo karibu mwaka mzima na mbwa wangu Simba na iliniuma sana kumuona anavyokonda huku anakula.

Kosa nililofanya ni kwamba kila akiharisha nakimbilia duka la dawa za mifugo napewa vidonge vya antibayotiki, anatulia siku nne tano, inarudi. Kinyesi hakikupimwa hata siku moja na mimi sikuuliza. Antibayotiki haichagui, inaua mpaka wale bakteria wazuri wanaokaa utumboni kusaidia kusaga chakula, sasa ukimpa kila mwezi bila kipimo unaweza ukawa unaliendeleza tatizo wewe mwenyewe.

Chukua daftari. Kila siku andika kala nini, kiasi gani, nani kampa, na kinyesi kimetokaje: kigumu, laini, maji, kina ute au damu. Fanya hivyo wiki nne na zaidi, wiki moja haitakuonyesha kitu. Na watoto uwaulize vizuri bila kuwagombeza, maana wao ndo wanaomtupia vitu chini ya meza.

Sasa mimi nilikuwa na jibu langu kichwani tayari. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa ile miezi mitatu kuanzia 15 Mei, dagaa nyumbani hakuna, Simba akawa anakula ugali na utumbo wa ng'ombe wa kuchemsha kila siku ya Mungu na hakuharisha hata mara moja. Nikasema basi, dagaa ndo wabaya. Lakini daftari likaja kuonyesha kitu kingine kabisa. Wavuvi wetu wa dagaa wanatumia taa, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa vizuri, mitumbwi inapumzika na bei inapanda, kwa hiyo siku hizo Simba tulikuwa tunampa mabaki ya jikoni yenye mawese, halafu giza likirudi na dagaa wakashuka bei tunamjazia bakuli la dagaa siku hiyo hiyo. Niliweka alama ya kalamu nyekundu kila siku aliyoharisha na zile alama zilikuwa zimejikusanya sehemu mbili tu za mwezi, mbalamwezi inapoanza na giza linaporudi. Yaani chakula kilikuwa kinabadilika ghafla mara mbili kila mwezi na utumbo wa mbwa hauwezi kuhimili hivyo, unahitaji siku kadhaa kuzoea.

Nilichofanya: nikanunua dagaa wakavu wa kutosha wakati wa giza, nikawafungia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikawa nampima kikombe kile kile kila siku mwezi uwake usiwake, na mawese nikakata kabisa kwa sababu mafuta mengi yanaweza kumletea mbwa uvimbe wa kongosho na huo unaua. Mwezi wa kwanza akaharisha mara moja tu. Wa pili hakuna.

Kwa hiyo ukilazimika kubadili chakula tumia wiki nzima, siku mbili za kwanza kipya kiwe robo, mbili zinazofuata nusu kwa nusu, mbili zingine robo tatu, ya saba ndo kipya chote. Na badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadili vitatu akipona hutajua kilichomponya.

Dagaa waliokaushwa chini kwenye mchanga waoshe sana. Loweka kwenye sufuria dakika kumi, koroga, toa dagaa kwa mkono usimwage, halafu pitisha kidole chini ya sufuria uone mchanga uliobaki, rudia mpaka kidole kitoke kisafi. Mimi narudia mara tatu mpaka nne. Ule mchanga wote ulikuwa unaenda tumboni. Waliotiwa chumvi achana nao. Unga nao angalia, ile tabia ya kusema mahindi yameota ukungu basi tumpe mbwa iachwe kabisa, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haitoki kwa kupikwa na inaharibu ini la mbwa. Mifupa iliyopikwa pia hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Minyoo: mbwa mkubwa dawa kila miezi mitatu, na kipimo kinafuata uzito kwa hiyo mpime, panda mzani ukiwa umembeba halafu toa uzito wako. Ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkundu huyo ni tegu, na tegu wa aina hiyo anapitia kwenye viroboto, ukitibu minyoo ukaacha viroboto atarudi tu. Baadhi ya minyoo ya mbwa inaingia kwa watoto wetu pia, kwa hiyo kinyesi kiokotwe uani.

Kuna hali za kutosubiri daftari. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu apelekwe saa hiyo hiyo, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mkubwa naye akiwa hataki kula, amelegea, ukivuta ngozi ya shingoni hairudi haraka, fizi zinanata, ameishiwa maji huyo.

Ukienda kwa daktari wa mifugo beba kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kopo safi lenye mfuniko, kijiko kimoja kinatosha, na omba kiangaliwe kwa hadubini kabla hujaandikiwa dawa. Daftari nalo beba, mpe asome mwenyewe.