Fedha za kwenda uwandani: namna ya kuomba ruzuku ya utafiti ukiwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu

Ada ina njia zake: mwajiri, mkopo, mzazi, ufadhili wa chuo. Wengi hukwama baadaye, pale idara imeshapitisha andiko la utafiti na mwanafunzi hana nauli ya kwenda kukusanya data. Tasnifu inalala mwaka mzima, na usajili unaendelea kulipiwa. Pengo hilo huzibwa na ruzuku ndogo za utafiti, na mwongozo huu unahusu hizo.

Kwanza usichanganye ruzuku na ufadhili wa masomo. Chevening, ya serikali ya Uingereza, hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza na humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili. Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, hutoa posho ya yuro 1,400 kwa mwezi kwa masomo yanayofanyika katika nchi zaidi ya moja. DAAD ya Ujerumani, kwa wanaosoma ndani ya Afrika, huangalia kama shahada yako ya mwisho imepita miaka sita. Hizi huombwa kabla ya kuingia darasani. Ukishasajiliwa na kuanza masomo, nyingi zimekupita, na hakuna haja ya kuendelea kuzililia.

Ruzuku ndogo hutolewa kwa kazi, si kwa mtu. Mtoaji anataka kujua utafanya nini, wapi, kwa siku ngapi, na nini kitabaki ukiondoka. Ndiyo maana mwenye alama za wastani na bajeti iliyonyooka humpita mwenye alama za juu aliyeandika kwa mafumbo.

Milango ya kubisha

Kwa uhifadhi wa viumbe na mazingira, anza na Rufford Foundation ya Uingereza. Hupokea maombi mwaka mzima bila tarehe ya mwisho, na mwombaji huomba mwenyewe kupitia tovuti yao. Wanataka fedha zao ziwe sehemu kubwa ya bajeti ya mradi, kwa hiyo usiwaombe wajazie kiraka kidogo kwenye mradi mkubwa wa mtu mwingine. Hawapo kwa ajili ya ada wala safari za mikutano, na andiko la kitaaluma tupu, lisiloonyesha mnyama, mmea au bahari itafaidikaje, halifiki mbali. Idea Wild ya Marekani hutoa vifaa badala ya fedha: darubini, kamera, GPS. Ni msaada mzuri kwa aliyekwishapata nauli ila hana zana.

Wa sayansi za bahari wana WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, yenye makao yake Zanzibar. Mfuko wake wa MARG una sehemu ya utafiti wenyewe na sehemu ya kusafiri kwenda kuwasilisha matokeo. Soma sehemu zote kabla ya kuchagua, maana ombi zuri lililopelekwa sehemu isiyo yake hurudi bila kusomwa vizuri.

Wa sayansi za jamii, historia na akiolojia watazame Nairobi: British Institute in Eastern Africa na IFRA, taasisi ya Wafaransa, zote hutoa ruzuku ndogo za uwandani. Wa uzamivu katika anthropolojia wana Wenner-Gren, mfuko wa Marekani, inayotoa hadi dola 25,000 na kupokea maombi mara mbili kwa mwaka, mwisho 1 Mei na 1 Novemba. Uraia wowote unakubalika.

Kuna milango ambayo mwanafunzi hawezi kuifungua mwenyewe. Ruzuku za utafiti za RUFORUM, mtandao wa vyuo unaoshughulika na kilimo na wenye makao Kampala, huombwa na mhadhiri, kisha ndani ya mradi wake kunakuwa na nafasi za wanafunzi wa uzamili. Ukisubiri tangazo lenye jina la “wanafunzi” hutaliona. Mwulize mhadhiri ana mradi gani na nafasi ngapi. CARTA, mpango wa vyuo vya Afrika kwa upande wa afya ya jamii na idadi ya watu, umekuwa ukichukua wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama wanaosoma uzamivu. Kama wewe si mwajiriwa wa mojawapo, usipoteze wiki mbili kujaza fomu.

Hesabu miezi kwa kurudi nyuma

Anza na siku ambayo lazima uwe uwandani, si siku tangazo lilipotoka. Chukua mfano wa mwanafunzi anayetaka kupima pweza wanaovuliwa vijijini Kilwa. Pweza wa miambani huchokolewa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali; siku za maji mafu hakuna cha kupima. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi. Tena wakati wa upepo wa kusi bahari ni chafu na siku nyingine hupotea. Akitaka kuanza Oktoba bahari inapotulia, fedha ziwe zimeingia Agosti. Weka miezi minne hadi mitano kwa mtoaji kusoma na benki kupitisha, ombi linatoka Machi. Rasimu ya kwanza Januari. Anayeshtuka Julai ameshachelewa mwaka mzima.

Vibali viende sambamba, visisubiri fedha. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania huanza na barua ya kibali kutoka chuoni kwake kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata, kijiji. Anayetoka chuo cha nje hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya ya binadamu unahitaji pia idhini ya maadili, na wa wanyamapori una TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Hifadhi za bahari zina kibali chao, na Zanzibar ina utaratibu wake, barua ya Bara haitoshi. Kenya utaomba leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi; Uganda utapita kamati ya maadili na UNCST, baraza lao la sayansi. Watoaji wengine hawaachii hata shilingi kabla ya kuona kibali, kwa hiyo hata barua inayoonyesha kuwa umeomba iambatishe.

Andiko

Andiko la idara lina kurasa thelathini. Mtoaji anataka tatu au tano. Usilikate kwa mkasi. Andika upya. Sura ya mapitio ya maandishi inakuwa aya mbili, na njia za utafiti ndizo zinazopewa nafasi.

Msomaji wa kwanza mara nyingi si wa fani yako. Ukimwandikia “utafiti utachunguza changamoto zinazowakabili wavuvi wadogo”, hajaona kitu. Mwandikie hivi: “Kwa miezi sita, katika vijiji vitatu, kila pweza atakayeletwa sokoni siku nne za kila bamvua atapimwa uzito, na jinsia yake itaandikwa, ili kujua ni sehemu gani ya wanaovuliwa hawajafika umri wa kuzaa.” Sasa anaweza kuhesabu, na akihesabu anaiamini bajeti.

Sema pia nini kinaweza kuharibika. Mvua ikikata barabara? Kijiji kimoja kikikataa? Aya moja inayosema utafanya nini huongeza alama kuliko sifa zozote za umuhimu wa mada.

Bajeti

Hapa ndipo maombi mengi hufa. Kosa kubwa ni mistari ya jumla: “Usafiri 1,500,000. Posho 2,000,000.” Msomaji hajui zimetoka wapi, na akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye mfuko wako. Kila mstari uwe na kizio, idadi na bei. Huu ni mfano wa mwanafunzi wetu wa pweza. Bei, kwa shilingi za Tanzania, ni za kuonyeshea hesabu, zako ziulize mahali penyewe. Siku zake: miezi 6 × bamvua 2 × siku 4 = siku 48.

Wakusanya data wa kijijini: watu 3 × siku 48 × 15,000 = 2,160,000
Basi Dar es Salaam–Kilwa: safari 3 × kwenda na kurudi 2 × 35,000 = 210,000
Malazi na chakula cha mtafiti: siku 18 × 45,000 = 810,000
Bodaboda na mashua: siku 18 × 10,000 = 180,000
Mizani ya kuning’iniza: 4 × 40,000 = 160,000
Mikutano ya mrejesho: vijiji 3 × 200,000 = 600,000
Kuchapa fomu, barua na vibali: 150,000
Jumla: 4,270,000
Dharura asilimia 5: 213,500
Jumla kuu: 4,483,500

Tazama mambo machache. Mizani ni nne kwa vijiji vitatu, kwa sababu moja itatumbukia majini au itaota kutu, na kurudi Dar kununua nyingine ni ghali kuliko mizani yenyewe. Mtafiti haishi Kilwa siku zote 48. Anafundisha watu wa pale pale, anakwenda mara tatu kukagua. Hilo limepunguza gharama na limeacha ujuzi kijijini, mambo mawili ambayo mtoaji anayapenda. Mkutano wa mrejesho uko ndani ya bajeti. Wanaouacha huishia kuahidi “matokeo yatarudishwa kwa jamii” bila hata senti ya kuwarudishia, na msomaji mzoefu huliona hilo haraka.

Dharura iweke tu kama mwongozo wa mtoaji unairuhusu. Usipandishe bei kidogo kidogo ili kuificha. Wasomaji wanaona bajeti za eneo hilohilo kila mwaka na wanajua bei ya basi. Kompyuta mpakato mara nyingi hukataliwa. Posho ya msimamizi wako pia, isipokuwa awe na kazi maalumu uwandani, na hata hapo andika siku zake.

Ukigeuza kuwa dola au pauni, andika kiwango cha kubadilisha, tarehe na kwamba ni cha Benki Kuu. Ongeza gharama ya benki ya kupokea fedha kutoka nje. Uliza ofisi ya utafiti chuoni kama chuo kinakata asilimia ya ruzuku, na mwulize mtoaji kama anakubali makato hayo. Majibu haya mawili yakigongana, ni heri ujue mapema kuliko fedha zikiwa zimekwama katikati.

Wadhamini

Watoaji huomba barua mbili au tatu. Msimamizi wako ni mmoja. Wa pili awe mtu aliyekuona ukifanya kazi: mkuu wa mradi ulikojitolea, afisa uvuvi wa wilaya. Profesa mashuhuri asiyekujua huandika mistari minne inayoweza kumhusu yeyote, na barua ya namna hiyo inakuumiza.

Mwombe wiki nne kabla. Mpelekee andiko, bajeti, tarehe ya mwisho na mambo matatu ambayo ungependa ayaguse. Mkumbushe kwa adabu wiki moja kabla, kisha siku tatu. “Shikamoo Profesa, naomba kukumbusha kuhusu ile barua, mwisho ni Ijumaa” inatosha. Mwambie pia barua pepe ya mtoaji huweza kuangukia kwenye barua taka. Barua kadhaa hupotea huko kila msimu.

Kutuma

Majina yafanane kwenye cheti, hati ya matokeo, pasipoti na fomu. Kama cheti kina Mwajuma na pasipoti ina Mwanajuma, tafuta hati ya kiapo kwa wakili mapema. Uthibitisho wa usajili uwe wa mwaka huu wa masomo.

Saa nazo zina mtego. Mwisho ukiwa saa 12:00 mchana wa London, kwetu ni saa tisa alasiri kipindi chao cha baridi, na saa nane mchana kipindi cha kiangazi. Wao hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, katikati ya msimu wa maombi. Usisome “12:00” ukaiweka kichwani kama saa kumi na mbili jioni. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu siku ya mwisho tovuti huelemewa, na umeme nao una mambo yake.

Fedha zikiingia

Ruzuku ikipitia akaunti ya chuo, utaichukua kama masurufu, yaani fedha unazokabidhiwa kabla ya safari na kuzitolea hesabu baadaye. Omba wiki tatu au nne kabla ya safari, kwa dokezo lenye mstari wa bajeti na barua ya ruzuku. Masurufu ya safari ya kwanza yasiporejeshwa kwa risiti, ya pili hayatoki, na bamvua haimsubiri mhasibu.

Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa mashua, bodaboda na wakusanya data ambao hawana risiti, tengeneza fomu ya malipo kabla hujaondoka: jina, kazi, siku, kiasi, namba ya simu, sahihi au dole gumba. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala siku hiyo hiyo. Piga picha kila karatasi jioni, kwani wino wa risiti za mashine hufutika kwa jua na chumvi.

Ukitaka kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, mwandikie mtoaji kwanza. Wengi hukubali ndani ya siku chache. Usipouliza, ripoti yako itafanana na ya mtu aliyekula fedha hata kama hukula.

Ripoti ipelekwe kwa tarehe, ikiwa na pweza wangapi wamepimwa, nini kilishindikana na kwa nini, na salio lililobaki. Ruzuku ya pili, kwa watoaji kama Rufford walio na ngazi zinazofuatana, huamuliwa kwa kuitazama ripoti ya ruzuku ya kwanza. Ombi likikataliwa, omba maoni ya wasomaji. Wasipoyatoa, mpe mtu wa fani nyingine asome na akuonyeshe alipokwama. Rekebisha hapo, sahihisha bei, peleka mlango mwingine.