Kabla hujapanda boti na jiko lako: mambo ya kuzingatia ukitokea Kigoma

Kila kiangazi naulizwa jiko gani zuri la kubeba safarini. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: moto ukiisha huko uendako, utawasha nini, na nani atakuuzia? Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, hufiki kwa gari, ni boti tu kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na hifadhi ya Mahale wengi wetu tunaifuata kwa maji vilevile. Ulichokisahau mjini umekisahau mpaka urudi.

Kwa kundi la watu watano na zaidi, chukua mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Jaribu nyumbani, si ufukweni. Paka povu la sabuni kwenye koki na pale jiko linapoungana na mtungi. Mapovu yakifura, usiondoke nao. Ujue pia kwamba wakala wa kijijini anabadilisha mtungi wa kampuni yake tu, kwa hiyo ondoka umejaza. Na ndani ya boti sikiliza vizuri: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutuama chini ya mbao kama maji, kando ya madumu ya petroli. Mtungi ukae wima, juu, kwenye upepo, umefungwa kamba. Usiulaze kamwe.

Yale majiko ya mkoba yanayotumia kopo la gesi, kopo lenyewe kama la dawa ya mbu, yanafaa kwa mtu mmoja au wawili. Kopo moja ukiliwasha kwa nguvu linakaa saa moja na nusu hivi, basi piga hesabu ya siku zako. Usitegemee kulikuta duka la kijijini, na usifike nalo uwanja wa ndege, watalichukua. Hapa ziwani linawaka bila shida. Ila ukifikiria kupanda nalo Kilimanjaro ni habari nyingine: gesi ya butane, ndiyo iliyomo kwenye makopo mengi haya, hukataa kugeuka mvuke pale baridi inapokaribia nyuzi 0. Huko unataka iliyochanganywa na propane, gesi inayovumilia baridi.

Mkaa: masika beba ndani ya ndoo yenye mfuniko. Usiingize jiko la mkaa kwenye hema, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Sasa mafuta ya taa. Hapa naomba usiruke mistari.

Mwaka 2014 nilikuwa mpishi wa kundi la watu tisa, tunashuka kusini kwa boti, siku kumi. Nilibeba jiko la mchina la tambi kumi na lita tano za mafuta ya taa. Nyumbani lita tano zingenitosha. Sikuuhesabu upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba unavuma kutoka kusini, na jiko la tambi kwenye upepo linakula mafuta maradufu huku chai haichemki. Siku ya nne dumu lilikuwa tupu.

Zamani hilo lisingekuwa tatizo. Kila mwalo ulikuwa na mafuta ya taa kwa ajili ya karabai za wavuvi wa dagaa. Lakini wavuvi wengi walishaanza kuhamia taa za betri na sola, na bei ya mafuta ya taa ilikuwa imepanda tangu serikali ilipoyaongezea kodi mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Tukazunguka kijiji kizima. Mwishowe kijana mmoja akatuletea lita tatu kwenye dumu la njano. Nilinusa. Yalinukia mafuta ya taa, nikalipa.

Lile dumu lilikuwa la petroli ya injini ya boti. Halikuoshwa, na chini yake ilibaki petroli kidogo, labda kikombe.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyewasha. Mwanzo liliwaka kama kawaida. Kisha moto ukainuka ukazidi sufuria, ukaanza kunguruma, na rangi ya tangi ikatoka malengelenge. Akainama azungushe kitasa cha kushushia tambi. Moto ukamtokea kwenye tundu la kujazia, ukamshika mkono mpaka kwenye kiwiko.

Tulimwagia jiko mchanga, likazima. Mkono wake tukaupaka dawa ya meno, ndivyo tulivyojua. Mpaka zahanati ilikuwa mwendo wa saa tano kwa boti, usiku, na muuguzi alitumia muda mrefu kuibandua ile dawa ya meno iliyokaukia kwenye nyama huku mdogo wangu akilia. Vidole viwili havikunji mpaka leo. Na ziwa zima la maji matamu lilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipopikia! Moto ukikuunguza, weka maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Si dawa ya meno, si yai, si asali.

Kwa hiyo: dumu la mafuta ya jiko linunue jipya, liandike kwa rangi, na lisiguswe na mtu wa injini. Beba mara mbili ya unavyotumia nyumbani. Ukilazimika kununua njiani, dondosha tone kwenye karatasi na tone la mafuta yako ya mjini pembeni yake. Mafuta ya taa yanabaki doa la mafuta. Petroli inakauka upesi. Kipimo hiki kinakamata petroli ikiwa nyingi, ikiwa kidogo inaweza kupita, basi ukiwa na shaka pikia kuni. Jaza jiko likiwa limezima na limepoa, hata kama watu wana njaa.

Upepo ukinge kwa upande unakotokea tu. Ukilizungushia bati jiko la gesi pande zote, unaupika mtungi wenyewe.

Kama mnapanda mlima Nkungwe huko Mahale, mita 2,462, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharage yatawamalizia nishati. Loweka usiku kucha au beba mchele na dagaa. Viberiti viwili, kimoja ndani ya kopo lenye mfuniko. Ndoo ya mchanga iwe karibu kabla hujawasha. Gombe usiache sufuria bila mtu, nyani watakuja na chai ya moto itamwagikia aliyekaa karibu. Usipike boti ikiwa inatembea. Mtoto asitumwe kuzima jiko. Na usiku, kabla ya kulala, funga koki ya mtungi wenyewe, usiishie kwenye kitasa cha jiko.