Kabla hujapeleka korfuboli uwanjani

Ukimwambia mwanafunzi wa Mafinga kuwa leo tunatupia kikapuni, atatafuta ubao. Korfuboli haina ubao. "Korf" kwa Kiholanzi ni kikapu, na Nico Broekhuysen, mwalimu wa Amsterdam aliyeutunga mchezo huu mwaka 1902, alitaka wavulana na wasichana wacheze timu moja: siku hizi ni watu 8, wavulana wanne na wasichana wanne.

Anza na kikapu, tena mapema. Sisi wa Iringa hatuna haki ya kulalamikia vifaa, vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, vimejaa sokoni. Agiza cha mdomo wa sentimita 40 na kina cha 25, kisicho na kitako. Nenda na mpira mkononi. Mama niliyemwagiza mimi aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Ukingoni azungushie waya mnene, maana milulu ikilowa hulegea. Ndoo ya lita 20 iliyokatwa kitako haifai, mdomo wake ni mdogo. Mpira ni wa soka, namba 5.

Mlingoti wa mkaratusi hautakusumbua kuupata huku Mufindi. Ukingo wa kikapu ukae mita 3.5 kutoka ardhini, karibu nusu mita juu ya ringi ya netiboli. Shimo liwe refu, kwa sababu watoto wataugonga huo mlingoti. Na usiuchimbie kwenye mstari wa mwisho! Unakaa ndani, sehemu moja ya sita ya urefu wa uwanja. Kwenye uwanja wa netiboli ni kama mita 5. Goli hufungwa kutoka pande zote, hata nyuma ya mlingoti, kwa hiyo ukiubana mwishoni umeua nusu ya mchezo.

Mkuu wa shule ajue mapema kwamba ni mchezo wa mchanganyiko, na umweleze kanuni itakayomtuliza: mvulana humkaba mvulana, msichana humkaba msichana. Wasichana wavae bukta au traki, sketi ya darasani haifai.

Kanuni inayowachanganya vijana ni ya kurusha. Mkabaji akiwa kati yako na mlingoti, amekutazama, anakufikia kwa mkono na anajaribu kuzuia, huruhusiwi kurusha hata kama una urefu wa twiga. Mpasie mwenzako aliye kwenye nafasi, kisha zunguka. Ifundishe kwanza wawili wawili, wakitembea, bila mpira. Mimi niliiruka hatua hiyo, nikapuliza filimbi kipindi kizima.

Kukimbia na mpira hakuna, kudunda hakuna. Mabingwa wa basketi watakasirika wiki ya kwanza. Wachezaji wa netiboli, ambao wameshazoea kusimama na mpira, wafanye wasaidizi wako kabla ya kipindi cha kwanza. Wavulana watajifunza kwa kutazama miguu yao.

Miezi ya kipupwe, Juni na Julai, ongeza dakika za kupasha misuli, na vidole vilivyoganda visianze na pasi kali. Masika udongo wetu mwekundu huteleza, kagua eneo la kuzunguka mlingoti kila asubuhi.

Darasa la watu 60 halitaingia lote. Magoli mawili yakifungwa, wachezaji hubadilishana nusu za uwanja, washambuliaji wakawa walinzi. Hapo ndipo mimi huingiza wanaosubiri, wakiwa wameshavaa vitambaa vya rangi.